Kuzero bunduki mpya ya kuwindia na kuuzoesha mtutu wake: mwongozo kamili kwa wenye vibali nchini Uganda

Bunduki mpya ya kuwindia, hata iwe ya bei gani, haitoki dukani ikiwa inapiga pale darubini inapoonyesha. Mtutu na darubini ni vyombo viwili vilivyoundwa mbalimbali, vikaunganishwa kwa pete na skrubu, na kazi ya kuvifanya vitazame mahali pamoja, ndiyo kuzero, humwangukia mwenye bunduki mwenyewe. Hapa Uganda kazi hiyo ina ugumu wa ziada, kwa kuwa risasi hununuliwa kwa kibali na kwa kiasi, wala mtu hawezi kufyatua boksi baada ya boksi akisubiri bahati imjie. Kwa sababu hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa bajeti ya risasi 40, yaani maboksi mawili ya 20, yote ya aina moja, uzito mmoja na toleo moja la kiwanda. Zinatosha, na huenda zikabaki, mradi mpigaji ashike kanuni mbili tangu mwanzo: darubini haisogezwi kwa sababu ya risasi moja, na mtutu uliopata joto jingi hausemi ukweli.

Karatasi na uwanja

Chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970, Inspekta Jenerali wa Polisi ndiye ofisa mkuu wa utoaji wa leseni, na ombi la raia hupanda ngazi kwa ngazi kuanzia kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) hadi kwa wakuu wa usalama na polisi wa wilaya. Anayesoma mwongozo huu ninamchukulia kuwa ameshapita huko na ana cheti chake mkononi. Siku ya kwenda uwanjani beba cheti hicho chenyewe, hakikisha namba iliyogongwa kwenye bunduki inalingana na iliyoandikwa, na usafirishe bunduki ikiwa tupu ndani ya mfuko wake, bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) imetolewa, risasi zikiwa kwenye chombo kingine kilichofungwa. Vizuizi vya barabarani ni vingi, na afande atakayekusimamisha ana haki ya kuuliza. Mtu mwenye karatasi zilizopangika humaliza maswali hayo kwa dakika chache.

Mwaka 2018 Rais Museveni aliagiza bunduki zote nchini ziwekewe kumbukumbu za alama zake, ambazo hupatikana kwa kuifyatua bunduki, kwa kuwa kila mtutu huacha michubuko yake kwenye kichwa cha risasi na kila pini ya kufyatulia huacha chapa yake kwenye fataki, yaani kiwashio kilicho nyuma ya ganda. Ongeza juu ya hilo kwamba viwanda vyenyewe hujaribu bunduki kwa risasi kabla ya kuzifungasha. Maana yake ni kwamba mtutu unaouita mpya huenda umeshafyatuliwa, na ndani yake mkabaki masizi yaliyochanganyika na mafuta ya kuhifadhia. Nitalirudia jambo hilo tukifika kwenye usafi.

Uwanja uwe ni uwanja wa shabaha uliokubaliwa na polisi, wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha na msimamizi aliyepo. Wapo wanaoona kichuguu kikubwa shambani wakadhani wamepata tuta. Kichuguu kina mashimo na udongo mkavu mgumu kama tofali, kinaweza kuirusha risasi pembeni, na risasi ya bunduki ya kuwindia iliyokosa kizuizi huweza kusafiri zaidi ya kilomita 3 kabla ya kuanguka. Katika nchi yenye maboma, mashamba na watoto wachungaji kila upande, hiyo si hatari ya kubahatisha nayo.

Kazi ya mezani kabla ya siku yenyewe

Safisha mtutu kwanza. Toa bolti, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba, yaani mahali risasi inapokaa, ni tupu, kisha weka bunduki kwenye kishikilio, mdomo wa mtutu ukiwa umeinama kidogo ili dawa isitiririke kurudi kwenye mtambo wa kufyatulia na mbao za kitako. Ufito wa kusafishia uwe wa kipande kimoja, na uingizwe kupitia nyuma, kwenye chemba, si kupitia mdomoni. Ukingo wa mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho ambapo risasi hugusana na chuma, na ukikwaruzwa na ufito risasi huanza kutawanyika bila sababu inayoonekana. Pitisha kitambaa chenye kiyeyusho, subiri dakika chache, pitisha vikavu hadi kitoke cheupe. Mafuta mazito ya kiwandani yasipoondolewa, risasi za kwanza zitapaa au kushuka kuliko inavyopasa, nawe utaanza kusogeza darubini kwa kosa la mafuta.

Kufunga darubini ndipo watu wengi wanapoharibu siku nzima ya uwanjani, na ninasisitiza hatua hii kuliko nyingine yoyote. Skrubu za kikalio kinachoshika darubini zisafishwe mafuta kwa spiriti, tone dogo la gundi ya nyuzi za skrubu liwekwe, kisha zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo cha mkazo, kufuata kiwango cha mtengenezaji. Skrubu za pete kwa kawaida huhitaji newtoni-mita 1.7 hadi 2.3 tu, mkono wenye nguvu hupita hapo kwa urahisi na kuibonyeza bomba ya darubini hadi vioo vya ndani vishindwe kusogea sawasawa. Zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, upande huu na upande ule, ukihakikisha nafasi kati ya nusu mbili za pete inalingana pande zote. Skrubu zinazoshika chuma cha bunduki kwenye kitako nazo zikaguliwe, kwa sababu bunduki iliyosafiri kutoka ng'ambo kwa meli au ndege, kisha ikaja kwa gari, hulegea hapo.

Kabla ya kukaza kwa mwisho, weka bunduki begani huku macho yamefumbwa, ulaze shavu kwenye kitako kama kawaida yako, kisha fumbua. Picha ndani ya darubini inapaswa kuonekana nzima papo hapo, bila kivuli cheusi ukingoni. Kama kuna kivuli, sogeza darubini mbele au nyuma. Darubini nyingi za bunduki huhitaji jicho likae sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye kioo cha nyuma, na anayeisogeza karibu zaidi ya hapo atapasuliwa nyusi na risasi ya kwanza ya bunduki kubwa kama .375. Kwa kuusimamisha wima msalaba wa mistari ulio ndani ya darubini, tundika timazi ya fundi mwashi mita 50 mbele, weka bunduki ikiwa imelala sawa, kisha zungusha darubini hadi mstari wa wima ulale juu ya uzi. Msalaba ulioinama hautaonekana kuwa na kosa lolote katika mita 100, lakini katika mita 300 risasi itakwenda pembeni kila utakapopandisha.

Mwisho wa kazi ya mezani, elekeza darubini kwenye anga au ukuta mweupe na uzungushe kioo cha nyuma hadi msalaba uonekane mkali mara moja, bila jicho kujitahidi. Usikitumie tena kioo hicho kusafisha picha ya shabaha. Kazi yake ni msalaba peke yake.

Ubishi juu ya kuuzoesha mtutu

Kuuzoesha mtutu ni kufyatua risasi zake za kwanza huku ukiusafisha kila mara. Mafundi hawakubaliani kuhusu jambo hili, na ni vyema ujue wanabishania nini kabla ya kutumia risasi zako. Hoja ya wanaounga mkono, kama ilivyoelezwa na watengenezaji wa mitutu kama Krieger, ni kwamba mitutu mizuri husuguliwa ndani kwa kufuata njia ya risasi, lakini chombo kinachochonga chemba huzunguka, kwa hiyo huacha alama ndogo zinazokatiza njia hiyo pale risasi inapoanza kuingia kwenye mifereji. Risasi za kwanza zikipita juu ya alama hizo hukwanguliwa shaba, na shaba hiyo ikageuka mvuke kwa joto la baruti na kwenda kuganda mbele ndani ya mtutu. Ukiisafisha kila baada ya risasi, alama hulainishwa na risasi zinazofuata bila shaba kurundikana. Upande wa pili, Gale McMillan, aliyekuwa mtengenezaji wa mitutu mwenye jina kubwa nchini Marekani, aliupinga utaratibu huo waziwazi, akisema unaumaliza uhai wa mtutu bure na kuwafaidisha wauza mitutu.

Maoni yangu ni kwamba bunduki ya kuwindia ya kiwandani haihitaji mila ndefu za risasi 50 au 100 za kufyatua na kusafisha, na kwa mtu aliye na kibali cha risasi chache mila hizo ni hasara. Lakini utaratibu mfupi wa risasi 14 hauna gharama ya ziada hata kidogo, kwa kuwa risasi hizohizo ndizo zinazozero bunduki. Mtutu uliopakwa kromi ndani hauna haja hata ya huo. Unaweza kuruka usafi wa katikati na kuendelea na hatua za kulenga tu.

Utaratibu ni huu. Risasi 5 za kwanza zipigwe moja moja, na mtutu usafishwe baada ya kila moja. Kisha makundi 3 ya risasi tatu tatu, na usafi baada ya kila kundi. Usafi wenyewe hauna siri: kitambaa chenye kiyeyusho cha masizi, kisha chenye kiyeyusho cha shaba kinachoachwa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha vikavu. Vitambaa vya mwanzo hutoka vyeusi. Baada ya kiyeyusho cha shaba, hutoka na michirizi ya buluu inayoelekea kijani, na hiyo ndiyo shaba ya risasi ikitoka. Tazama michirizi hiyo kwa makini kila mara: ikiwa imekolea baada ya risasi ya kwanza, ikafifia kwenye ya tatu, na ikawa kivuli tu kwenye ya tano, mtutu umelainika na huna sababu ya kuendelea na usafi huo wa katikati. Ikibaki vilevile, kamilisha makundi matatu na uyasahau mambo ya kuzoesha. Hakikisha ncha ya ufito inayoshika kitambaa si ya shaba, la sivyo kiyeyusho kitaila hiyo na kukuonyesha buluu isiyokwisha. Tena, kiyeyusho chenye amonia kisilale ndani ya mtutu usiku kucha, kwa sababu hula chuma.

Asubuhi ya uwanjani: mita 25

Fika mapema. Karibu na Ziwa Victoria upepo wa ziwani huanza kuamka jua likishapanda, na kwenye tambarare za Karamoja joto la mchana hufanya hewa juu ya ardhi itetemeke hadi shabaha ionekane kama inaelea. Saa moja hadi saa nne asubuhi ndio wakati ulio bora. Risasi zikae kivulini, si juu ya meza iliyo juani wala kwenye dashibodi ya gari, kwa kuwa baruti iliyopashwa na jua huongeza msukumo na mwendo wa risasi.

Masikio na macho yafunikwe kabla bunduki haijatoka mfukoni. Mlipuko wa bunduki ya kuwindia huzidi desibeli 150, ilhali madhara ya kudumu kwa sikio huanza mlipuko mmoja ukifika 140. Vaa vizibo vya ndani na vifuniko vya nje kwa pamoja, hasa kama juu yenu kuna paa la mabati. Mdomo wa mtutu ubaki umeelekea kwenye tuta muda wote, kidole kikae nje ya kifyatulio hadi msalaba utulie juu ya shabaha, na msimamizi akitamka kusimamisha moto, bolti ifunguliwe, bunduki iwekwe mezani, mikono iondoke. Ukifyatua na risasi isilipuke, hesabu sekunde 60 mtutu ukiwa umeelekea mbele ndipo ufungue. Ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, acha kabisa: toa bolti na utazame kama kichwa cha risasi kimekwama njiani. Kufyatua risasi nyingine nyuma ya iliyokwama ni kuupasua mtutu.

Weka karatasi kubwa, angalau nusu mita kwa nusu mita, katika mita 25. Bunduki ilale juu ya mifuko miwili ya mchanga: wa mbele chini ya mbao za mbele, kamwe si chini ya mtutu wenyewe, na wa nyuma chini ya kitako. Toa bolti, tazama kupitia tundu la mtutu kutoka nyuma, sogeza bunduki hadi alama ya shabaha ikae katikati ya duara la mwanga, kisha, bila kuigusa bunduki, zungusha vifundo vya darubini hadi msalaba nao ukae juu ya alama ileile. Hatua hii haigharimu risasi hata moja na huokoa nyingi.

Sasa piga ya kwanza, safisha. Ya pili, safisha. Ya tatu, safisha. Risasi tatu hizo zitakuwa zimefanya kundi karatasini, na katikati ya kundi ndiko unakopima. Usilenge mahali pengine ukijaribu kufidia. Lenga alama ileile mara zote. Katika mita 25 hutaki risasi ziingie kwenye alama yenyewe, bali sentimita 1.5 hadi 2 chini yake, kwa sababu darubini imekaa takriban sentimita 4 juu ya mtutu na risasi bado haijapanda kufikia mstari wa jicho. Rekebisha, kisha tumia ya nne na ya tano kuthibitisha.

Mita 100 na hesabu ya kliki

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Darubini nyingi zina vifundo vya aina moja kati ya mbili, na kila aina hupima kwa kipimo kidogo cha pembe; kliki ni hatua moja ya kifundo. Ya kwanza hupima kwa robo dakika ya pembe, na kila kliki husogeza risasi milimita 7.3 katika mita 100. Ya pili hupima kwa sehemu ya kumi ya milradiani, na kila kliki husogeza sentimita 1 kamili katika mita 100. Ukikaribia, kliki hupungua thamani kwa uwiano uleule: katika mita 25 kliki moja ya robo dakika ni chini ya milimita 2, kwa hiyo utahitaji kliki mara nne zaidi kwa umbali uleule karatasini. Mshale kwenye kifundo huonyesha risasi itakakoelekea, si msalaba.

Piga kundi la kwanza la risasi tatu, ukisubiri kati ya moja na nyingine, huku bolti ikiwa wazi ili hewa ipite. Kipimo rahisi cha joto ni kiganja: ukishindwa kukiacha juu ya mtutu kwa sekunde tano bila kuumia, subiri. Mitutu ya bunduki za kuwindia ni myembamba, hupata joto haraka, na ikipata joto hujipinda kiasi kidogo kinachotosha kuihamisha risasi. Kusubiri dakika kumi baina ya makundi kunachosha, na ndipo mtu anaposhawishika kupiga upesi ili amalize. Atakuwa anakizero chuma cha moto kisichofanana na bunduki atakayoinua porini alfajiri.

Tuseme kundi limekaa sentimita 9 chini ya alama na sentimita 4 kulia. Kwa darubini ya robo dakika, 9 gawanya kwa 0.73 ni 12.3, basi kliki 12 juu. 4 gawanya kwa 0.73 ni 5.5, basi kliki 5 kushoto, na nusu iliyobaki utaiamua kwa kundi linalofuata. Kwa darubini ya milradiani ni kliki 9 juu na 4 kushoto, hesabu imekwisha. Andika namba hizo daftarini kabla ya kugusa kifundo, kwa sababu kichwa kikiwa kimechoka ni rahisi kuzungusha upande usio wake. Ukimaliza kuzungusha, gonga kifundo taratibu kwa kidole ili springi za ndani zitulie. Safisha, acha mtutu upoe, piga kundi la pili, rekebisha ikihitajika, safisha, kisha kundi la tatu.

Risasi moja ikienda mbali na nyingine mbili, isikufanye usogeze chochote. Jiulize kwanza kama ulikifinya kifyatulio vibaya, au kama ulihisi imekwenda kombo ilipotoka. Hata bunduki na mpigaji wazuri hufanya kundi la sentimita 3 hadi 4 katika mita 100, na ndani ya upana huo risasi huanguka popote bila maana yoyote. Anayeifukuza kila risasi kwa kifundo huongeza mtawanyiko, kwa kuwa anaondoka mahali sahihi kila mara kwa ajili ya ajali.

Baada ya kundi la tatu, ukiisha kusafisha, mtutu mtupu usio na masizi hauelezi hali ya porini. Piga risasi 2 za kuuchafua tu, kisha kundi la risasi 5 kwa utulivu bila kusafisha. Kundi hili ndilo lenye neno la mwisho katika mita 100, na marekebisho yake yawe madogo, kliki mbili au tatu.

Sifuri ya umbali gani?

Sifuri ni umbali ambao risasi hugonga pale pale msalaba unapoonyesha. Uchaguzi wake unategemea mahali unapowinda. Kwenye vichaka vya migunga karibu na Ziwa Mburo, ambako swala na pofu huonekana kati ya mita 50 na 120, sifuri ya mita 100 ni ya kweli na rahisi kuikumbuka. Kwenye nyanda wazi za Karamoja, sifuri ya mita 200 ina faida. Kwa .308 Winchester yenye kichwa cha greini 150 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi), kuzero katika mita 200 humaanisha risasi ipite takriban sentimita 5 juu ya alama katika mita 100, na ishuke karibu sentimita 25 ikifika mita 300. Usiridhike na hesabu hiyo ya mita 100. Hamia mita 200 na utumie risasi 5 kuthibitisha, kwa sababu kila mtutu na kila toleo la risasi lina mwendo wake. Wanaouliza kuhusu mwinuko watulie: kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,200 za Kampala, tofauti katika umbali huo ni ndogo kuliko upana wa kundi lako. Upepo ndio wa kuhofia. Upepo wa kilomita 10 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni huisogeza risasi hiyo zaidi kidogo ya sentimita 1 katika mita 100, na sentimita 5 hivi katika mita 200, kwa hiyo usizero wakati bendera inapepea.

Kundi likikataa kukaza

Kagua kwa mpangilio, kutoka kwenye kinachosababisha mara nyingi. Skrubu za pete na kikalio, kisha skrubu za kitako. Kisha pitisha noti ya shilingi kati ya mtutu na mbao za mbele: kwenye bunduki iliyoundwa mtutu wake uelee bila kugusa mbao, inapaswa kupita bila kukwama hadi karibu na chemba. Kisha mapumziko ya mtutu. Kisha badilisha aina ya risasi, kwani mtutu unaotawanya greini 180 huenda ukapenda 150, bila fundi yeyote kujua kwa nini kabla ya kujaribu.

Ikiwa vyote hivyo ni sawa, kosa ni la begani. Muombe mwenzako akupakilie risasi ya mazoezi isiyo na baruti katikati ya risasi za kweli, wewe usijue ni ipi. Pini itakapogonga bila mlipuko, kila mtu aliyepo ataona mdomo wa mtutu ukizama na kope zikifumba. Dawa yake ni kufyatua tupu nyumbani kwa kutumia risasi hiyo ya mazoezi, ukilenga alama ukutani, hadi msalaba usitikisike pini inapoanguka. Kununua bunduki yenye teke kali kuliko unavyoweza kulivumilia ni chanzo kikubwa cha ugonjwa huu. W. D. M. Bell aliwinda tembo hapo hapo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 akitumia zaidi .275 Rigby, bunduki ndogo yenye teke dogo, kwa sababu alijua risasi yake inakwenda wapi. Siipendekezi .275 kwa nyati, la hasha. Ninasema tu kwamba .30-06 iliyodhibitiwa ni bora kwa swala kuliko .375 inayoogopwa.

Bila meza, na mtutu ukiwa baridi

Meza na mifuko ya mchanga havipo porini. Tumia risasi 5 ukiwa umesimama na bunduki imeegemea vijiti vya miguu mitatu, au umekaa viwiko vikiwa juu ya magoti, katika mita 100. Pima kundi hilo kwa uaminifu. Likiwa na upana wa sentimita 20, basi hiyo ndiyo bunduki yako ya kweli siku ya mawindo, na umbali wako wa kupiga mnyama ufupishwe hadi kundi litoshee kwenye eneo la moyo na mapafu. Mwongozaji mwema atakuuliza umbali huo kabla hamjatoka kambini. Uwe na jibu.

Risasi 3 zibakishwe kwa siku nyingine, au asubuhi tatu tofauti ukiweza. Piga moja tu, mtutu ukiwa baridi kabisa, bila risasi ya kupasha moto, na uandike ilipogonga. Mnyama hupigwa kwa risasi ya namna hii, wala si kwa ya nne ya kundi. Ikiwa zote tatu zimekaa kando kwa upande mmoja, rekebisha vifundo ili risasi ya mtutu baridi igonge kwenye alama. Pitisha kitambaa kikavu kabla ya risasi hiyo kama mtutu ulipakwa mafuta ya kuhifadhia.

Baada ya hapo

Legeza skrubu ndogo za vifundo na uzungushe alama ya namba hadi isome sifuri, bila kuugusa mpangilio wa ndani. Kama darubini yako haina alama hiyo, andika daftarini idadi ya kliki hadi mwisho wa kifundo. Katika daftari hilo hilo ziandikwe aina ya risasi, namba ya toleo iliyo kwenye boksi, joto la siku, na karatasi ya shabaha ya mwisho ibandikwe. Ukinunua toleo jingine la risasi, hata la jina lilelile, rudia kundi la risasi tatu katika mita 100.

Okota maganda yote na uyahesabu dhidi ya risasi ulizoingia nazo, kwa kuwa hesabu hiyo ndiyo utakayoulizwa unapoomba nyingine. Unyevu wa Entebbe na Jinja hutia chuma kutu ndani ya siku chache, kwa hiyo safisha jioni ileile, pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ndani ya mtutu, futa alama za vidole nje, na ufungie bunduki kwenye kabati la chuma lenye pakiti za kukausha unyevu, si ndani ya mfuko wake wa kusafiria, kwa sababu sponji hushika maji. Na kila itakaposafiri mwendo mrefu kwenye barabara mbovu, tuseme kutoka Kampala hadi Moroto, tenga risasi 2 za kuhakiki kwenye uwanja ulioruhusiwa kabla ya kuingia porini. Zikigonga nje ya kundi lako la kawaida, usiguse vifundo mpaka umekagua skrubu za pete na kikalio.